Gurudumu Lililopanda Sabuni

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema bali zamani ya juzijuzi, pikipiki zilipokuwa zimeshaingia hadi mabondeni, palikuwa na bonde moja huko Rungwe lililoitwa Ngulilo. Bonde lilikuwa na majani, majani yalikuwa na ng'ombe, ng'ombe walikuwa na maziwa, na maziwa yalikuwa na njia moja tu ya kufika barabara ya lami. Njia hiyo ilipanda kilima kinachoitwa Sabuni.

Jina linajieleza. Kiangazi, Sabuni ni kilima kama vilima vingine. Masika yakiingia, udongo wake mwekundu unalainika na kung'aa, na kila kinachopanda kinarudi chini kwa makalio. Trekta liliwahi kulala pale siku nne. Mbuzi wenyewe huzunguka.

Aliyebeba maziwa ya Ngulilo alikuwa mwanamke mmoja, Tumpale, mama wa watoto watatu, mwenye pikipiki moja na maneno machache. Kila asubuhi alipita nyumba ishirini na tatu, akajaza keni mbili za lita arobaini, akazifunga huku na huku kwa mpira, akapanda Sabuni na kuzifikisha kituo cha maziwa kabla ya saa tatu. Saa tatu kamili karani wa kituo, Ambwene, alifunga mlango. Ambwene alikuwa mtu wa kufunga mlango hata kama mama yake mzazi yuko kizingitini.

Masika ya mwaka uliotangulia, Tumpale aliangushwa na Sabuni mara kumi na moja. Maziwa yalitiririka kilimani, mbwa wakanywa mpaka wakasahau kubweka. Sasa masika mengine yalikuwa yanakaribia, na Ambwene akabandika tangazo mlangoni: njia itakayokosa kuleta maziwa siku tatu mfululizo inafutwa, na nafasi yake inapewa bonde jingine.

Tumpale alilisoma tangazo mara mbili. Kisha akageuka akalitazama tairi lake la nyuma. Lilikuwa jembamba. Tope la Sabuni lilikuwa ugali, na tairi lile lilikuwa uzi: lilikata, likazama, likakwama.

Kaka yake aliyekaa Mbeya akamletea tairi pana la kisasa, lenye vinundu vikubwa kama ngumi za mtoto. Tumpale akafurahi siku moja. Lilipovalishwa kwenye ringi yake ya zamani, tairi lilibanwa kiunoni likavimba juu, likawa mviringo kama yai. Ardhi liliigusa kwa ukanda wa vidole viwili tu, na ubavuni likawa linasagwa na cheni. Hapo akaelewa. Tairi pana linataka ringi pana. Ringi pana inataka nafasi. Nafasi inataka fundi.

Fundi wa kazi kama ile ataletwa na nini? Tumpale alikuwa na kitu kimoja ambacho kila fundi wa ule mji mdogo wa barabara ya lami alikitamani: chumba. Baba yake alimwachia chumba njia panda, mlango unatazama lami, umeme umo, bati halivuji. Mafundi wa mji walifanya kazi chini ya maturubai, mvua ikija wanakumbatia vifaa vyao na kusimama kama kuku. Chumba kile kilikuwa kimefungwa tangu msiba.

Jumatatu asubuhi Tumpale alikwenda kwa Mzee Gwakisa, mchomeleaji, aliyewatengenezea watu mageti na majembe ya kukokotwa tangu Tumpale yuko shule.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta pikipiki au umeleta matatizo?"

"Vyote, baba. Vimekuja pamoja."

Mzee Gwakisa akalizunguka tairi pana, akalibonyeza, akapima uma wa nyuma, ile mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu. Akacheka. "Hii ni kumvisha ng'ombe gauni la mbuzi. Nani atakufanyia?"

Tumpale akasema, "Chumba ninacho, gurudumu sina. Atakayenipandisha Sabuni na keni mbili zimejaa, ufunguo ni wake."

Mzee Gwakisa akaacha kucheka. Akavua miwani yake ya kuchomelea, akatazama ng'ambo ya barabara.

"Umesema umeme umo?"

"Umo."

"Uache hapo hilo tairi. Pikipiki endelea nayo mpaka Alhamisi, maana nikishaukata huo uma huna pikipiki tena."

Akaenda kutafuta ringi. Alijua ilipo: ringi pana ya pikipiki kubwa iliyokufa zamani, jirani yake alikuwa ameifanya kifungio cha mlango wa banda la nguruwe. Mlango ukapewa kamba, ringi ikaja mjini. Ilikuwa na kutu kama mkate uliosahauliwa. Mzee Gwakisa akaigonga, akaisikiliza, akaziba matundu ya kutu kwa moto, akainyoosha juu ya kipande cha reli. Jioni akasema, "Yangu nimefanya. Lakini chuma hiki kisipopakwa rangi, tope litakimaliza kabla ya mwaka kuisha. Mpelekee Asajile."

Jumanne Tumpale alikwenda kwa Asajile. Huyu alikuwa kijana mtanashati, aliyepaka mabango ya maduka na majeneza.

"Dada Tumpale, mimi mteja wangu hajawahi kurudi kulalamika," akasema. "Lakini ringi ya banda la nguruwe sijawahi kupaka. Kuna nini mwishoni?"

Tumpale akasema maneno yaleyale, kama alivyoyasema jana yake. "Chumba ninacho, gurudumu sina. Atakayenipandisha Sabuni na keni mbili zimejaa, ufunguo ni wake."

Asajile akakunja mikono ya shati.

Alianza na brashi ya waya, akaja na msasa wa meno makubwa, akaja na msasa laini, akamalizia na kitambaa kilicholowa petroli. Kutu ikamwagika chini kama unga wa ulezi. Kufika mchana ringi iling'aa hadi Tumpale, aliyekaa juu ya ndoo akisubiri, akaona kitenge chake ndani yake. Na pale palipong'aa zaidi, karibu na tundu la valvu, Asajile akaona ufa. Mwembamba kama unywele. Mzee Gwakisa hakuuona, kutu ilikuwa imeufunika.

Sasa, mafundi wa mji ule walikuwa na mwiko mmoja, na mwiko huo waliushika kuliko viapo vya kanisani: fundi hamkosoi fundi mwenzake mbele ya mteja. Ukiona kosa la mwenzio, nyamaza, limalize pembeni. Anayemvua mwenzake nguo sokoni, kesho atavuliwa yeye.

Asajile akamtazama Tumpale juu ya ndoo. Akasema, "Dada, rangi inataka kupumzika kidogo. Nenda ukaone watoto."

"Rangi gani? Hujapaka."

"Ndiyo inavyoanza kupumzika."

Tumpale akaondoka. Alipogeuka njiani, akamwona Asajile anavuka barabara amebeba gunia lenye umbo la sinia kubwa, anaingia kwa Mzee Gwakisa. Cheche zikaruka. Gunia likarudi. Tumpale aliona, hakuuliza. Mtu mwenye watoto watatu hujifunza kutouliza kila kitu.

Jumatano Asajile akapaka. Rangi ya msingi, kisha ya fedha, kisha mstari mwekundu mwembamba kuzunguka ukingo, alioupiga kwa mkono bila rula, amezuia pumzi. Alitaka ikauke ngumu kama sahani ya udongo, hivyo akaenda kumbembeleza Subilaga, mwoka mikate, amruhusu kuiweka ringi kwenye tanuru likishatoa mikate ya asubuhi.

"Kaka, tanuru langu si karakana."

"Dakika arobaini tu, mama. Hata joto lenyewe linakwenda bure."

Ringi ikaingia tanuruni, ikatoka. Asajile akairudia kwa rangi ya pili, ikaingia tena. Ya tatu, tena. Mkate wa Alhamisi mji mzima ulinuka duka la vifaa vya ujenzi. Watu walikula, wakanung'unika, kisha wakaenda kuitazama ringi, wakaacha kunung'unika. Ilikuwa nzuri. Hakuna upenyo ulioachwa, hakuna kona iliyosahaulika. Hata yale matundu thelathini na sita ya kupitishia spoku yalijazwa rangi, nene na laini, ndani na nje.

Usiku wa kuamkia Alhamisi masika yaliingia rasmi. Asubuhi Mzee Gwakisa akaukata uma. Siku hiyo Ngulilo haikupeleka maziwa. Siku ya kwanza.

Mzee Gwakisa akaupanua uma kwa kidole kimoja kila upande, akapima kwa uzi uliofungwa nati, akapima tena. Akachonga kipande cha chuma cha kuisogeza nje sproketi, ile sahani ya meno inayovutwa na cheni, ili cheni ipite bila kulamba tairi. Vijana wa bodaboda waliacha abiria, wakazunguka kutazama. Mmoja akasema uma ule utavunjika. Mwingine akasema ukivunjika yeye atanunua soda za mji mzima. Hapo karakana ikapata kelele za sikukuu.

Ijumaa ilikuwa siku ya pili bila maziwa. Ijumaa Tumpale alikwenda kwa Bupe.

Bupe alikuwa fundi baiskeli, mwanamke wa makamo, kila mara ameshika spoku tatu kwa meno kama mshonaji na pini zake. Gurudumu lolote lililopinda lilimjia, na likaondoka limenyooka.

"Mama Lugano," akamwita Tumpale kwa jina la mwanawe, bila kutoa spoku mdomoni, "nimesikia una pete ya harusi ya jitu, unatafuta wa kuipachika kidoleni."

Tumpale akasema yaleyale mara ya tatu. "Chumba ninacho, gurudumu sina. Atakayenipandisha Sabuni na keni mbili zimejaa, ufunguo ni wake."

Bupe akatoa spoku mdomoni.

Ringi ilikuwa pana na kitovu cha gurudumu kilikuwa kilekile cha zamani, kwa hiyo spoku za dukani zilikuwa ndefu mno. Bupe akazikata moja moja, akazichonga upya nyuzi za kukazia kwa mkono. Thelathini na sita. Kufika spoku ya ishirini vidole vilikuwa vinatoka damu, akavifunga utambi wa taa akaendelea. Umati ulihama kwa Mzee Gwakisa ukaja kwake. Asajile naye alikuja, akasimama mbele kabisa, mikono nyuma, kama baba wa bibi harusi.

Bupe aliposhika ringi na kuanza kupenyeza vikofia vinavyokaza spoku, kidole chake kikasimama. Akaingiza ukucha kwenye tundu. Rangi. Nene, laini. Alijua mara moja: kikofia kikikaa juu ya rangi, kinaonekana kimekaza. Mzigo ukija, rangi inapondeka, spoku inalegea. Matundu yale yalitakiwa yakwanguliwe mpaka chuma.

Akainua macho. Tumpale alikuwa pale. Asajile alikuwa pale. Nusu ya mji ilikuwa pale. Kukwangua tundu moja kungekuwa kusema.

"Rangi nzuri," Bupe akasema.

Asajile akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo.

Bupe akapanga spoku, akazikaza, akazigonga moja moja na kuzisikiliza kama mpiga zeze anayetafuta sauti. Akaweka kipande cha chaki karibu na ukingo, akalizungusha gurudumu. Lilizunguka bila kuigusa chaki. Watu wakashangilia kana kwamba ni goli. Tairi likavalishwa, safari hii likakaa bapa, pana, limetulia kama mtu aliyepata kiti chake. Gurudumu likaingia kwenye uma, cheni ikapita, na kati ya cheni na tairi palibaki nafasi ya kupitisha kidole kidogo.

Tumpale alipokuwa anaondoka, Bupe alimshika mkono. "Kesho, Mama Lugano, panda taratibu mpaka kwenye kona ya kilima."

"Kwa nini?"

"Panda tu taratibu."

Jumamosi ilikuwa siku ya tatu, na mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Nyumba ishirini na tatu zilikamua, keni mbili zikajaa mpaka mdomoni, zikafungwa. Bonde zima likatoka. Waliokuwa na miavuli walikuja na miavuli, wasio nayo walivunja majani ya migomba. Juu kabisa, Ambwene alisimama mlangoni na saa yake.

Saa mbili na robo Tumpale akapiga kiki.

Pikipiki ikaingia kwenye tope, na kwa mara ya kwanza tope likakosa nguvu. Tairi liliuma. Vinundu viliingia, vikashika, vikasukuma, na nyuma yake udongo ulirushwa vipande vipande kama tofali mbichi. Tumpale alihisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi kilimani pale: kwenda mbele. Akapita mahali alipoanguka mara nne. Akapita mahali trekta lilipolala. Vijana walikimbia pembeni, wanateleza, wanaanguka, wanainuka, wanakimbia. Bibi mmoja alipiga sufuria kwa mwiko. "Usiachie gesi, mwanangu, usiachie gesi." Tumpale alitaka kucheka, lakini akicheka tope litaingia mdomoni, akacheka ndani kwa ndani.

Alipokaribia kona akasikia tik. Kisha tik, tik. Kisha gurudumu la nyuma likaanza kuyumba kama bata anayekimbia. Keni zikagonga. Spoku zilikuwa zinalegea chini yake, moja baada ya nyingine. Akisimama, Sabuni itamrudisha chini. Akiendelea, gurudumu litajikunja.

Na pale kwenye kona, amelowa hadi mifupani, alikuwa amesimama Bupe. Jiwe mkono mmoja, spana ndogo ya spoku mkono wa pili. Akalisukumia jiwe nyuma ya tairi hata kabla pikipiki haijasimama.

"Fungueni keni," akasema.

Akina mama wakazifungua, wakazipakata kama watoto wachanga. Mzee Gwakisa na Asajile wakaja mbio, wakainua mkia wa pikipiki ili gurudumu lining'inie, mmoja kushoto mmoja kulia, miguu imezama tope mpaka magotini. Bupe akapiga magoti. Akakaza, akazungusha, akakaza, akazungusha. Mvua ilimwingia machoni, hakufuta.

"Nini kimezilegeza?" Asajile akauliza.

"Mvua," Bupe akasema, bila kuinua kichwa.

Spoku thelathini na sita. Keni zikafungwa. Mtu akapaza sauti kutoka juu kwamba imebaki robo saa.

Kipande cha mwisho ndicho kikali kuliko vyote. Tumpale alilala juu ya tangi, mkono umevuta gesi yote. Tairi likauma tena. Kati ya kona na kilele kulikuwa na jiwe lililofichwa na tope, na gurudumu la nyuma likaligonga kwa kishindo kilichosikika hadi bondeni. Mzee Gwakisa alifumba macho. Alipoyafumbua, pikipiki ilikuwa bado inapanda. Ringi ilishika. Uma ulishika. Cheni ilishika. Spoku zilishika. Saa tatu kasoro dakika nne Tumpale alisimamisha pikipiki mbele ya Ambwene, akazima.

"Maziwa ya Ngulilo," akasema.

Ambwene akachovya kipimo, akanusa, akaandika. "Njia ya Ngulilo ipo," akasema, na hapo ndipo kilima kilipolipuka kwa vigelegele. Yule kijana aliyebashiri uma utavunjika akabebwa juu juu kwenda kutoa salamu za aibu kwa Mzee Gwakisa. Bibi wa sufuria alikuwa ameitoboa.

Umati ukamfuata Tumpale hadi njia panda, kwenye chumba. Akatoa ufunguo. Akautazama. Akainua uso, akaona mafundi watatu wamesimama mbele yake, kila mmoja ametanguliza mguu.

Hapo ndipo kosa lake lilipomrudia. Maneno yaleyale aliwaambia watatu, kwa sababu siku zote alidhani gurudumu lina fundi mmoja.

"Mwanangu," akasema Mzee Gwakisa, "nani uliyemfuata wa kwanza? Ringi niliitafuta mimi. Uma niliupanua mimi. Bila nafasi, hao wengine wangepaka nini, wangekaza nini? Na lile jiwe umelisikia. Lilipiga kiungo changu, pale nilipochomelea."

"Kiungo cha pili, baba," akasema Asajile. "Samahani kwa umri wako. Cha kwanza kiliacha ufa karibu na valvu. Niliuona mimi. Kama ningepaka juu yake nikanyamaza, dada Tumpale saa hizi anaokota meno kilimani."

Watu wakaguna. Mwiko ulikuwa umevunjwa, mchana, mbele ya mteja na mbele ya mji mzima.

"Kuona ufa si kuuziba," akasema mzee, uso umemkauka. "Uliuleta, nikauziba. Hata kuku huona shimo."

"Kuku hawezi kulibeba ndani ya gunia ili mzee wake asiaibike."

Bupe akatema mate pembeni. "Mmemaliza? Gurudumu ni spoku. Ringi bila spoku ni mlango wa nguruwe, tumeuona. Na mlipokuwa mnalala vizuri Ijumaa, mimi nilijua litalegea, kwa sababu Asajile amepaka mpaka ndani ya matundu kama anayepaka siagi. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye kona na jiwe."

Asajile akageuka rangi, yeye aliyezijua zote. "Ulijua? Ulijua Ijumaa, ukamwacha mama wa watoto watatu apande na kilo mia? Ungesema neno moja, ningeyakwangua kwa dakika kumi."

"Mbele ya watu wale wote? Wewe kosa la mzee ulilificha ndani ya gunia. Gunia langu mimi lilikuwa kusimama mvuani. Hata kilimani nilisema ni mvua."

"Gunia langu lilikwenda kwa fundi kabla ya safari. Lako lilimsubiri mtu aanguke."

"Aanguke wapi? Alianguka?"

Tumpale akainua mkono. "Gawaneni chumba."

Mzee Gwakisa akatikisa kichwa. Chumba kilikuwa upana wa vitanda viwili. Cheche zake zikikutana na petroli ya Asajile, chumba kitagawanywa na moto. Bupe naye akasema kazi yake ni ya sikio, hawezi kusikiliza spoku ikilia huku nyundo inapiga reli. Wote watatu walikuwa wanasema kweli, jambo ambalo halikumsaidia.

Basi mji ukagawanyika badala ya chumba. Bodaboda walisema Mzee Gwakisa. Akina mama waliopakata keni walisema Bupe. Subilaga, mwenye tanuru, alisema ni Asajile, na asipopewa yeye basi mikate yake imenuka bure. Ambwene alisema hajali, mradi Jumatatu saa tatu.

Pikipiki nyingine mbili zilikuwa zimeshafika, wenyewe wametoka mabonde mengine, wanauliza fundi wa magurudumu mapana ni nani na mlango wake uko wapi. Mvua ilikuwa inaendelea, na mafundi wale watatu, waliokaa mvuani maisha yao yote, hakuna aliyekubali kusogea chini ya bati kabla ya kujua bati ni la nani.

Nami nikifika hapa husimama, maana Tumpale mwenyewe bado amesimama. Wewe uliyesikiliza tangu mwanzo, usiniambie wagawane, walishakataa. Wala usiseme avunje ahadi, alishaitoa mara tatu. Yupo aliyeifungua njia na kuacha ufa. Yupo aliyeuona ufa na kuziba matundu yasiyotakiwa kuzibwa. Yupo aliyelijua kosa, akalinyamazia, kisha akalipia kwa magoti yake kwenye tope. Je, ufunguo ungeuweka kwenye kiganja cha nani, na hao wawili wengine ungewatazama vipi usoni?